Sura ya Tisa: Mti wa Machela

Kipupwe cha Sumbawanga hakina adabu. Kinaingia ofisini bila hodi na kulala kwenye sakafu ya saruji, na mtu akikaa mahabusu siku chache meno yake hugongana hata kama hana hofu. Sajini Atusaye alimkuta mzee Leonardi kwenye kona ile ile ya jana, magoti kidevuni, blanketi la serikali limekunjwa pembeni kama mali ya mtu mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza yale ya jana?"

"Nimekuja kuuliza yale ambayo jana hukuyajibu."

"Basi vuta kiti."

Kiti hakikuwepo. Atusaye alichuchumaa, akafunika magoti kwa koti lake.

Keshokutwa, Ijumaa, lori la polisi lilikuwa linakwenda Mbeya, kwenye Mahakama Kuu, na mzee Leonardi ndiye aliyekuwa mzigo wake. Shitaka lake lilikuwa kumuua Daktari Asajile, mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, aliyekuwa akichunguza miti ya msitu wa mlima Mbizi. Maiti ya Daktari ilikutwa na mgambo Jumanne ya wiki iliyopita katika mahame ya mzee Leonardi, yaani pale nyumba yake ilipokuwa kabla Operesheni Vijiji haijawahamishia watu wote kijijini Itungwa. Mbavu zilikuwa zimevunjika, na uso ulikuwa umefunikwa kwa tawi. Adhabu ya shitaka kama hilo ni kamba, na mjini walishaisuka. Watu wa kwao Atusaye, wale wa Rungwe waliojaa maofisini na madukani, walikuwa wakimsimamisha njiani na kumuuliza: ndugu yetu ameuawa, wewe unasubiri nini?

"Vile vibati vyenye namba alivyopigilia Daktari kwenye miti," alisema Atusaye. "Mgambo wamevikuta kwenye chungu, mahameni kwako."

"Nilivingʼoa mimi."

"Vyote?"

"Vile nilivyovifikia. Kiuno hiki hakiniruhusu kupanda."

"Ulivingʼoa kwa nini?"

"Wewe babu yako unaweza kumpigilia msumari kifuani ukampa namba? Kule juu kuna wenyewe. Tumehamishwa sisi, wao hawakuhamishwa."

"Na kwenye mkutano wa kijiji ulisema anayesulubisha miti naye atasulubiwa."

"Nilisema. Watu wakacheka. Hata yeye alicheka, halafu akaja kuniomba ugoro."

"Ukampa?"

"Ningemnyima mgeni?"

Atusaye alilifungua gunia alilokuja nalo, akatoa tawi. Lilikuwa limenyauka, lakini majani yake membamba, marefu na magumu yalikuwa bado yameng'ang'ania.

"Ndilo lililomfunika uso. Nyie mkikuta maiti porini mnafanya hivi?"

"Kila mtu hufanya hivi. Huwezi kumwacha mtu akiwa anatazama jua." Mzee alilitazama tawi, kisha akamtazama yeye. "Ndiyo maana mnasema ni mimi. Kwamba nimemuua, halafu nikamheshimu."

"Wao ndio wanasema."

"Na wewe?"

"Mimi sijasema kitu. Kula kwanza, chakula chako hicho kimefika."

Mpwa wa mzee, Flavian, alikuwa amesimama mlangoni na ugali wa ulezi umefungwa kitambaani. Alikuwa mtu wa miraba minne, mpasua mbao wa Itungwa, yeye na mwenzake Beda wakishika msumeno mmoja, huyu juu na yule chini. Tangu mjomba wake akamatwe hakuwa amekosa hata siku moja.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Bega limefanya nini? Naona unabeba kwa mkono wa kushoto tu."

"Mbao, afande. Kazi zetu si za kalamu."

"Hata za kalamu zinauma," alisema Atusaye, akatoka nje.

*

Katika Landrova walikuwa watatu. Koplo Theodory aliendesha huku akilalamika kuhusu springi. Nyuma alikaa Silvana, mjane wa Daktari, binti wa Kaengesa aliyesoma hadi akawa mwalimu wa elimu ya viumbe, na aliyekuwa akihesabu miti pamoja na mumewe kila likizo. Kitambaa cheusi kilikuwa kichwani, viatu vya kupandia mlima miguuni.

"Mama yangu amekasirika kwamba nimetoka matangani," alisema. "Nimemwambia nakwenda kuona aliyemuua mume wangu anavyotetewa."

"Simtetei mtu, dada."

"Basi kwa nini asiende Mbeya leo?"

"Kwa sababu lori linakwenda Ijumaa. Theodory, simama hapa."

Walikuwa wamefika mahameni. Kuta za udongo zisizo na paa zilikuwa zimekaa kwenye nyasi za kahawia, milango wazi, moshi wa miaka mingi bado ukionekana ndani. Kila upande uwanda ulikuwa mtupu kama kiganja. Mti wa kwanza ulionekana mbali juu, pale msitu ulipoanza kama ukingo mweusi wa blanketi. Chini, upande wa pili, njia ilishuka kuelekea barabara ya mjini.

Atusaye aliinua lile tawi. "Dada, huu ni mti gani?"

"Podo," Silvana alijibu papo hapo.

"Na hapa podo iko wapi?"

Silvana aligeuka mara moja kuzunguka mahame yote.

"Mtu anayetaka kufunika uso huokota kilicho karibu," alisema Atusaye. "Hapa kuna nyasi na vichaka vya mibarika. Hakuna anayepanda mlima kutafuta jani kisha ashuke nalo. Tawi hili lilikuja pamoja na mwenyewe. Mumeo hakufia hapa, au hakuumizwa hapa. Tupande."

Msituni baridi ilikuwa ya aina nyingine, baridi yenye maji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi vifuani mwao. Daktari alikuwa amegawanya sehemu yake kwa kamba, mraba kwa mraba, na kila mti ulikuwa na kibati, au tundu la msumari kilipong'olewa, hata vimiti vyembamba kama fimbo vilivaa waya wenye namba. Kati ya miti vilitundikwa vipande vya kitambaa cha marikani, kila kimoja kimefungwa kwenye vigingi vinne, kikining'inia kama beseni.

"Mitego?" aliuliza Theodory. "Ya ndege?"

"Ya majani," alisema Silvana. "Kila Jumamosi alikuwa anakusanya kilichodondoka. Majani, mbegu, maua. Alikuwa na swali moja tu maishani: mti mkubwa ukianguka, nani anarithi nafasi yake? Watu wanafikiri ni mche unaokua haraka. Yeye alisema hapana. Tazama chini."

Chini ya miguu yao palikuwa na miche midogo ya podo, mingi, haizidi kimo cha kidole.

"Hii inaweza kukaa hivi hivi kivulini miaka na miaka. Haikui, haifi. Inasubiri mama yake aanguke mwanga uingie." Aliona buti la Theodory likishuka. "Usikanyage, Koplo!"

Theodory aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Atusaye alikuwa ameshasogea mbele, akipita mtego mmoja baada ya mwingine. Kwenye vigingi fulani alisimama. Vigingi vilikuwepo vinne, na vipande vya kamba vilivyokatwa kwa kisu. Marikani haikuwepo.

"Hiki kilikuwa hivi?"

"Haiwezekani. Asajile angelala hapa hapa akikishona."

Kwenye mtego wa jirani Atusaye aliingiza mkono hadi chini, akafanya kama mama anayekagua gunia la mchele dukani: hakutazama juu, alitazama kilichofichwa. Majani makavu yalitangulia. Chini yake kulikuwa na tabaka la unga wa manjano, umeshikana kwa ukungu. Chini ya unga, majani tena.

Alinusa. "Unga wa mbao. Jumamosi mumeo alikung'uta mtego. Majani yakaanguka. Halafu mtu akapasua mbao karibu, unga ukapeperuka. Halafu akaacha, na majani yakaendelea kuanguka mpaka leo. Upepo wa kipupwe unatoka wapi huku?"

"Mashariki," alisema Theodory. "Kila siku, kama mtu aliyeajiriwa."

Walifuata upepo ulikotoka. Hawakwenda mbali. Nyuma ya kichaka kulikuwa na mwanga usiostahili kuwepo, tundu kubwa la anga katikati ya msitu, na chini yake kisiki cha podo kipana kama meza ya halmashauri. Palikuwa na shimo la kupasulia, na juu yake jukwaa la magogo. Gogo lililopasuliwa nusu lilikuwa limeteleza kutoka jukwaani, ncha moja imezama shimoni. Pembeni ya shimo unga wa mbao ulikuwa umemwagwa kwa wingi mahali pamoja, umesawazishwa. Theodory aliufagia kwa buti. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, umeganda.

Silvana aliegemea mti. Hakulia. Aliuliza tu, "Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Namba mia mbili na kumi na moja," alisema Silvana, akitazama kisiki. "Ilikuwa podo kubwa kuliko zote. Aliipenda kuliko... Basi."

Hatua chache kutoka shimoni Atusaye aliona kisiki kingine, chembamba, cha kimti kilichokatwa usawa wa kiuno. Chini ya mkato waya wenye namba ulikuwa bado umefungwa.

"Nani anakata fito kiunoni?" aliuliza. "Mpasua mbao hukata chini kabisa, hapotezi hata shubiri. Huyu alikuwa na haraka. Fito moja, ndefu, imenyooka. Na kipande cha marikani. Theodory, hiyo kwenu mnaiitaje?"

"Machela," Theodory alisema taratibu. "Lakini, afande, huo mti hatuupati. Watakuwa wameshauchoma jikoni."

"Wewe kwenu mkibeba maiti kwa machela, ule mti mnarudi nao nyumbani?"

"Ala! Nani aingie nao uani? Watoto wote si watakwisha? Unatupwa huko huko."

"Mwizi wa mjini angeuchoma. Watu wa hapa wangeogopa hata kuukokea moto. Twende tukautafute chini."

Waliukuta alasiri, kwenye korongo nyuma ya mahame, umerushwa katikati ya mibarika. Marikani ilikuwa imeviringishwa juu yake. Atusaye aliikunjua kwenye nyasi. Namba ya mtego ilikuwa imeandikwa pembeni kwa rangi nyekundu. Katikati damu ilikuwa imeenea, imelowanisha kitambaa chote, ikapenya upande wa pili na kuchirizika hadi kwenye pindo.

Alichuchumaa, akaifuata ile damu kwa kidole hadi kwenye pindo.

"Kuna nini, afande?"

"Maiti haitoki damu namna hii." Alinyanyua uso, akatazama njia inayoshuka barabarani. "Na anayeficha maiti huipeleka ndani ya msitu. Hawa walikuwa wanatoka msituni. Walikuwa wanashuka mjini. Huko chini kuna nini cha kumpeleka mtu, Theodory?"

Silvana alikuwa amesimama nyuma yao, na alikuwa amesikia.

"Hospitali," alisema Silvana.

*

Kituoni Atusaye hakuita mtu yeyote. Alimwambia Theodory aulaze ule mti kwenye kizingiti cha mlango wa ofisi, chini, kama kitu kilichosahauliwa, akafuata meza yake na kukaa. Silvana alikaa kwenye benchi la ukutani.

Karani aliingia na faili, akauruka mti, akatoka. Mfagiaji akauruka, akiguna kwamba polisi siku hizi wanaleta kuni ofisini. Mwenyekiti wa kijiji cha Itungwa, aliyeitwa kwa jambo lingine, akaukanyaga kabisa na kuomba radhi.

Jua lilipoanza kupungua, Flavian akaja na ugali wa jioni.

"Hodi, afande. Naomba ruhusa nimpelekee mjomba."

"Karibu. Ingia utie sahihi."

Flavian aliinua mguu. Macho yake yakashuka. Mguu ukarudi ulikotoka.

"Nitatia hapa hapa, afande."

"Kalamu yangu haifiki huko. Pita, Flavian, ni mti tu."

"Nitasubiri."

"Watu wote leo wameuruka. Mwenyekiti wako ameukanyaga. Wewe peke yako unaujua umebeba nini?"

Theodory, aliyekuwa amejificha kwenye varanda, alisogea nyuma yake, lakini hapakuwa na haja. Flavian alikaa chini pale pale nje ya kizingiti, ugali mapajani.

"Hatukumuua, afande."

"Najua. Anza mwanzo. Mti mliukata lini?"

"Jumapili, siku moja baada ya yeye kukusanya majani yake. Huko juu hakuna anayepita, ila yeye. Tulijua Jumatatu huwa anashinda mjini. Jumatatu ile akaja." Alimeza mate. "Tulidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikizunguka kile kisiki, akakishika hivi, kama mtu anayeshika paji la mgonjwa. Akasema, basi, mmeshaua, angalau niuone ndani. Akashuka shimoni kutazama gogo kwa chini. Beda alikuwa ametoka kumpisha, mimi nilikuwa juu. Nikamwambia, Daktari, kabari hiyo haijakaa sawa. Akasema, dakika moja."

"Kabari ikatoka."

"Ikatoka."

Nje upepo ulikuwa unasukuma bati la choo, linafunga, linafungua.

"Beda akakata mti huu, mimi nikakata kitambaa. Tulimfunika kwa tawi kifuani kwa ajili ya baridi. Tulimbeba, afande. Mtu mzito. Tulipofika mahameni kwa mjomba, tukasikia kimya. Tukamweka chini. Tawi tukalipandisha usoni."

"Kwa nini hamkuja kusema?"

"Msitu wa serikali. Mtaalamu wa serikali. Nani angetuamini? Nikasema wakimkuta watadhani ameangukiwa na mti msituni, akajikokota hadi pale. Sikujua watamkamata mjomba. Nikasema kesho nitakwenda kusema. Kesho ikawa kesho. Beda amekimbilia Laela."

"Na kila siku unamletea ugali."

"Alikuwa na njaa. Ningefanyaje?"

"Ungefungua mdomo! Keshokutwa angepanda lori, unalijua hilo? Ungempelekea ugali hata Mbeya?"

Flavian aliinamisha kichwa.

Silvana aliinuka. Aliuvuka mti kwa hatua moja, akasimama mbele yake.

"Alikuwa anazungumza? Njiani."

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini?"

Flavian alimtazama Atusaye kama anayeomba aondolewe swali. Atusaye hakumwondolea.

"Alisema tusikatize pale katikati. Alisema tutakanyaga miche. Tukamwambia, Daktari, pale ndipo karibu. Akakataa, akawa anataka kushuka kwenye machela. Basi tukazunguka. Tulizunguka msitu wote, mama. Tungekatiza, labda..." Hakumaliza.

Silvana alicheka, kicheko kimoja kifupi kisicho na furaha, akaficha uso kwenye kitambaa chake cheusi. "Mjinga yule," alisema humo ndani. "Mjinga yule."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo, akayasoma tena, akatia sahihi bila kumtazama Atusaye. Kamba ilikuwa imeondoka shingoni kwa kila mtu. Jela ilibaki kwa wawili. Theodory aliambiwa kesho asubuhi aende Laela kumfuata Beda.

Mlango wa mahabusu ulikuwa mwembamba, hivyo mmoja alipaswa kutoka ndipo mwingine aingie. Mzee Leonardi alitoka taratibu, mkono kiunoni. Flavian alijibanza ukutani kumpisha.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee alimtazama juu mpaka chini, kama anayemtafuta mtoto aliyemjua ndani ya mtu huyu mkubwa. Hakuitikia. Akapita.

Atusaye alimfikisha hadi ngazi za nje. "Baba, uko huru. Nenda nyumbani."

Mzee alikaa kwenye ngazi. Jua lilikuwa limebaki kidogo, la rangi ya uji, na upepo ulikuwa umeshaanza kuokota mavumbi barabarani.

"Mwanangu, mama yake Flavian ni dada yangu. Tumbo moja. Hana mtoto mwingine. Tangu mnikamate hajala vizuri, anasali rozari usiku kucha nitoke." Alinyanyua macho. "Nikifika atafurahi. Halafu ataniuliza, kaka, umetokaje? Nimwambie nini?"

Atusaye hakuwa mtu wa kukosa jibu. Nyumbani kwake, ofisini, sokoni, alikuwa nalo kabla swali halijaisha.

"Mwambie ukweli, baba."

"Ukweli umeutafuta wewe, si mimi. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kona." Mzee alimnyooshea mkono amsaidie kusimama. "Basi twende ukamwambie."

Atusaye alitazama Landrova, akatazama nyumba za maofisa ng'ambo ya barabara, ambako watoto wake walikuwa wanamsubiri na taa haijawashwa. Kisha akamshika mzee mkono, akamwinua, na kumwita Theodory alete funguo.